Uyoga mkavu wa eafraya: kitafunio kizuri, lakini si dawa ya sukari

 

Leo nataka tuzungumze kuhusu uyoga. Najua wengine mtacheka, hasa watu wa mwambao ambao uyoga kwenu haukuwa chakula cha kila siku. Lakini siku hizi kila ninakoalikwa, iwe futari, kitchen party au watu wamekusanyika kutazama mpira, nakuta sinia la uyoga uliokaushwa kwenye eafraya hadi unalia kama krispi. Na pembeni ya sinia hapakosi mtu wa kueleza kwamba ameacha nyama, ameacha mafuta, na sukari yake sasa iko sawa kwa sababu ya uyoga. Mimi ni muuguzi. Nilisomea kazi hii Tanzania, nikaisoma tena hapa Uingereza, na siku zangu nyingi zinapita na wagonjwa wa kisukari na presha. Kitafunio chenyewe nakiunga mkono kwa mikono miwili. Maneno yanayokizunguka ndiyo siyaungi mkono, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Tuanze na hicho kijiko cha umeme. Kampuni ya Philips ndiyo iliyokitangaza mwaka 2010 katika maonyesho ya Berlin, na jina walilokipa linadanganya kidogo, maana hakikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Waya za moto ziko juu, feni inaisukuma hewa ya moto izunguke haraka, na ile hewa inakausha ngozi ya chakula. Basi. Hakitoi sumu kwenye chakula, hakitoi sukari kwenye wanga. Ukiweka soseji zenye mafuta zitatoka soseji zenye mafuta. Ukiweka chipsi za kununua zilizogandishwa, kumbuka kiwandani zilikwishapitishwa kwenye mafuta kabla hazijafika kwako. Faida yake ni moja tu, nayo ni kubwa: unaweza kupata kitu kikavu kinacholia mdomoni bila karai la mafuta.

Kwa uyoga faida hiyo inaonekana zaidi kuliko kwa vyakula vingine. Uyoga zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji, na ukiutumbukiza kwenye mafuta unanyonya kama sifongo. Gramu 100 za uyoga mweupe mbichi zina kalori kama 22 tu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ya aina yoyote, hata hayo ya zeituni tunayoyasifu, kina kalori kama 120. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua chakula chepesi kuliko vyote sokoni akakigeuza kuwa kizito kwa dakika tano za karai. Kwenye eafraya, gramu 300 za uyoga, vijiko vitatu vya unga wa dengu na kijiko kimoja cha mafuta, sinia zima halizidi sana kalori 330, na hapo wanakula watu watatu. Na tusisahau mafuta ya karai letu la sherehe, yanayokaanga sambusa Ijumaa, samaki Jumamosi, na Jumapili yakiwa meusi bado yanakaanga maandazi.

Sasa namna ya kutengeneza, maana wengi wanalalamika uyoga wao unatoka teketeke. Chukua uyoga wa oyster, ule mpana kama sikio ambao wakulima wengi Tanzania huuita mamama. Ule mweupe wa mviringo pia unafaa, lakini ukate vipande vyembamba. Usiuloweke. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu, na kama una udongo mwingi uoshe haraka kisha uukaushe vizuri kwa taulo safi. Oyster usikate kwa kisu, uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, upana wa kidole. Changanya kwenye bakuli na kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu saumu cha unga, bizari nyembamba, pilipili manga na pilipili kali kiasi mnachostahimili nyumbani. Halafu nyunyiza unga wa dengu, ule ule wa bajia, ukiwa mkavu, na utikise bakuli hadi kila kipande kishike. Msifanye uji wa bajia hapa. Ule uji unadondoka kwenye kikapu na feni inaurusha juu kwenye waya, kisha jioni nzima unasugua.

Washa kijiko nyuzi 190, kwa wa Marekani 375 za kwao, kiache kipate moto dakika tatu. Panga vipande safu moja, visipandane. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanajaza kikapu hadi juu kwa kuwa wageni wako mlangoni, uyoga unatoa maji, maji hayana pa kwenda, na kinachotoka ni uyoga wa kuchemsha. Pika mara mbili au tatu kidogo kidogo. Dakika 10 hadi 14, ukitikisa katikati. Utoe ukiwa na rangi ya dhahabu, usingoje uwe kahawia iliyoiva. Vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali mpaka vikaungua vinatengeneza kemikali inayoitwa akrilamaidi, na ndiyo maana mamlaka ya chakula ya Uingereza tangu mwaka 2017 inawaambia watu waishie kwenye rangi ya dhahabu. Unga wa dengu nao una wanga. Kamulia ndimu, mkae mle papo hapo, kwa sababu baada ya nusu saa ukavu wote unakwisha.

Hamjaona nimetaja chumvi, na nimefanya makusudi. Chumvi iwekwe mwisho, uyoga ukiwa umeshatoka, na iwe ya vidole viwili. Ukiiweka mwanzo inavuta maji yote nje na uyoga unalainika. Lakini kubwa zaidi, chumvi ikiwa juu ya chakula ulimi unaikuta mara moja, hivyo inatosha kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hicho kijiko kinahesabu mkate, mchuzi, achari na kila kitu. Nimeona mapishi mengi ya watu wetu yakisema paka uyoga mchuzi wa soya, kisha ponda kidonge cha supu, kisha ongeza chumvi. Huyo ameweka chumvi mara tatu na hajui. Geuza karatasi ya kile kidonge cha supu: mara nyingi kitu cha kwanza kilichoandikwa ni chumvi. Mtu ameacha mafuta kwa ajili ya presha yake, na presha inapanda kwa mlango mwingine. Kwa ndugu zetu weusi presha inakuja mapema na inaharibu figo mapema. Wodini tunawaona wakiwa na miaka arobaini, umri wangu mimi.

Na vile vipaketi vya krispi za uyoga vinavyouzwa madukani kwa bei ya kutisha, usivinunue kwa sababu vimeandikwa ni vya mimea. Soma nyuma. Kwa kipimo cha Uingereza, mafuta yakizidi gramu 17.5 katika gramu 100, au chumvi ikizidi gramu 1.5, hiyo ni taa nyekundu.

Tuje kwenye kuacha nyama. Sina ugomvi na anayeacha, awe ameacha kwa afya, kwa pesa au kwa kuwa hapati nyama ya halali karibu. Ugomvi wangu ni na neno "badala". Gramu 100 za uyoga zina protini kama gramu 3. Maharage yaliyopikwa yana zaidi ya mara mbili ya hapo, kuku hata usimlinganishe. Uyoga ni mboga, ukae upande wa mboga kwenye sahani, na kunde, dengu au mayai yakae mahali pa nyama. Na kuna vitamini B12, ambayo mwili unaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Uyoga hauna ya kukutosha.

Hapa nawaomba wenye kisukari msome taratibu. Wengi wenu mnameza metformini. Dawa hiyo ni nzuri, msiiache, lakini inaweza kupunguza B12 mwilini, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilisema jambo hilo ni la kawaida kuliko ilivyodhaniwa. Sasa mtu yuko kwenye metformini miaka minane, anaacha nyama, samaki na maziwa kwa sababu ameambiwa uyoga unatosha. Baada ya muda miguu inakufa ganzi, anachoka, anasahau. Yeye na familia wanasema ni sukari tu. Huenda ni sukari, huenda ni B12, na ya pili inatibika kwa vidonge au sindano ikiwahiwa. Ikichelewa, neva hazirudi zote. Kipimo chake ni cha damu tu. Mwombe daktari wako kwa jina: "Naomba nipimwe B12." Usione haya, wala usingoje akuulize unakula nini, mara nyingi hana muda.

Wenye figo dhaifu walioambiwa wapunguze potasiamu, uyoga unayo, kwa hiyo muulizeni mtaalamu wenu wa lishe kiasi. Na msikimbilie chumvi za "kupunguza sodiamu", nyingi zimejazwa potasiamu badala yake.

La mwisho linanisumbua kuliko yote. Baadhi yetu, hasa waliotoka Iringa, Njombe, Lubumbashi au Burundi, wamekua wakiokota uyoga mvua zikianza, na wanaujua kweli. Msimu wa majani kupukutika ukifika huku wanatembea kwenye bustani za umma, wanauona unafanana na wa nyumbani, wanaweka kwenye mfuko. Tafadhali acheni. Ule uyoga wetu mtamu wa kwenye vichuguu unalimwa na mchwa, na hauoti Ulaya wala Marekani. Unachokiona chini ya mti huko kinaweza kuwa ule wa rangi ya kijani kibichi kilichofifia ambao Waingereza wanauita kofia ya kifo. Hauna harufu mbaya wala ladha chungu, na moto hauuui. Eafraya, karai, kuchemsha, sumu inabaki. Septemba 2021 huko Poland, watoto wawili ndugu wa miaka 5 na 6, waliokuwa wametoka tu kuokolewa Afghanistan, walikufa baada ya familia yao kula uyoga walioukuta msituni karibu na kituo walichopewa hifadhi. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wageni, kama sisi.

Ujanja wa sumu hiyo ni kuchelewa. Saa 6 hadi 24 hakuna kitu, kisha kutapika na kuharisha vikali, kisha mgonjwa anapata nafuu kama amepona, na wakati huo huo ini linakufa. Ukihisi umekula, usingoje dalili wala usitulizwe na hiyo nafuu. Uingereza piga 111, au 999 kama mtu amezidiwa. Marekani kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Usimtapishe mtu kwa maji ya chumvi. Chukua mabaki ya uyoga, hata yaliyokwisha kupikwa au maganda yaliyo kwenye pipa, yafunge kwenye karatasi na uende nayo hospitali, na umtaje kila aliyekula sinia lile, hata anayesema yuko mzima.