Rasta, helmeti na safari ya BTP

 

Huku kwetu walimu watarajiwa gumzo ni moja tu, BTP. Kwa nyie mnaosoma mambo mengine, BTP ni yale mazoezi ya kufundisha ambapo tunatawanywa mashuleni. Ukiuliza waliotutangulia watakwambia shule nyingi daladala haifiki. Unashuka stendi, unadaka boda, na hiyo ndiyo inakuwa usafiri wako asubuhi na jioni mpaka mazoezi yaishe.

Gumzo la pili ni kusuka. Pita hosteli yoyote ya wasichana jioni, kila chumba kuna mtu amekaa chini na mwenzake yuko kitandani anamsuka. Na ni haki yao, mwalimu lazima aingie darasani nadhifu, watoto wa sekondari hawana dogo. Lakini katika kuchagua mtindo sijasikia hata mmoja akiuliza: hizi nywele zitaingiaje kwenye helmeti?

Basi leo natoa langu. Helmeti iliyokalia fundo la nywele haijavaliwa, imebebwa tu kichwani. Mtu anazikusanya rasta zake zote anazibana utosini kama kitunguu, halafu anaitua helmeti juu yake. Inabaki imeinuka, mkanda haufiki kidevuni, anauacha unaning'inia. Trafiki akimwona kwa mbali anaona abiria mwenye helmeti, anapita. Barabara haidanganyiki hivyo.

Tuangalie kidogo kazi ya kile kitu. Helmeti ya pikipiki ina gamba gumu la nje, na ndani ina tabaka nene linalofanana na lile povu jeupe wanalofungia televisheni mpya. Ukianguka, lile povu linabonyea na kumeza sehemu ya kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Ili lifanye hivyo lazima likae karibu na kichwa pande zote. Ukiweka fundo katikati, helmeti inaning'inia kwenye sehemu moja, inacheza mbele na nyuma, na ukigonga chini inaweza kuchomoka kabla kichwa hakijafika. Mwenzetu mmoja wa kozi ilimtokea. Boda iliteleza kwenye mchanga, helmeti ikatangulia mtaroni peke yake, yeye akafuata. Alishonwa nyuzi kadhaa juu ya sikio na mtihani mmoja ukampita. Tunamshukuru Mungu iliishia hapo.

Na tofauti ya kuvaa na kutovaa siyo ndogo. Mwaka 2008 Cochrane walichapisha uchambuzi wa tafiti 61 kuhusu helmeti za pikipiki, wakakuta zinapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa mtu atakayepanda boda mara mbili kwa siku, hizo namba si za kupita nazo haraka.

Sasa wapo makaka hapa chuo jibu lao ni jepesi: nyoeni. Nawaheshimu lakini nakataa. Mimi mwenyewe nywele zangu ni nyingi na nzito, nikizifumua chanuo linalia, na sina mpango wa kuzinyoa. Urefu hauna shida na wingi hauna shida. Shida ni pale tunapozibana. Nywele zikilala bapa kwenye fuvu na ule wingi ukashuka chini kwenye kisogo, helmeti inakaa.

Kwa hiyo kama hujasuka bado, fikiria twende kilioni. Wanaiita ya kizamani, ila hakuna mtindo unaolala vizuri chini ya helmeti kama ule: mistari membamba inarudi nyuma, mikia inaangukia shingoni. Kama roho inataka rasta ndefu, suka, ila siku ya safari usizipandishe juu. Zigawe mbili, zisuke mikia miwili ya chini au zifunge kisogoni chini kabisa ya ukingo wa helmeti, halafu ziingize ndani ya koti au shati. Usiziache zipeperuke, zitampiga dereva na wewe mwenyewe hutaona kitu. Mwenye afro asuke mistari mikubwa ya haraka usiku, akifika shule afumue, anatoka na mawimbi yake mazuri. Mwenye wigi ajibu ni la mkoba, livalie shuleni.

Dada zangu wa mtandio na nyie mmo. Lile banio kubwa la maua linaloinua mtandio kisogoni liache nyumbani siku za boda. Pini vilevile. Kitu chochote kigumu kikiwa kati ya helmeti na kichwa, siku ya kuanguka kinageuka msumari. Mtandio mwepesi uliokazwa vizuri bila pini unatosha.

Ukishavaa, jipime. Funga mkanda, ubakize nafasi ya vidole viwili tu chini ya kidevu. Kisha weka mkono nyuma ya helmeti uisukume kwenda juu na mbele. Ikichomoka, hiyo siyo yako hiyo. Tikisa kichwa, helmeti ifuate kichwa, isichelewe.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nawalaumu wasichana tu. Boda wengi wana helmeti moja ya abiria, saizi moja kwa vichwa vyote, mkanda umekatika, sponji imeliwa, na harufu yake mnaijua. Mtu ametumia saa sita kusuka unampa kitu kile avae? Watengenezaji nao wanapopima vichwa, sidhani kama rasta zimo kwenye hesabu. Kwenye kuogelea haya yalishatokea. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la dunia la mchezo huo lilizikataa kofia za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele nyingi kama zetu. Watu walipiga kelele, na mwaka 2022 zikaruhusiwa. Maana yake tukidai, tunasikilizwa. Na majirani zetu Kigali abiria kupewa helmeti ya pili ni kitu cha kawaida, na kule wanawake wanasuka kama sisi.

Ila wakati tunadai, tutafika shuleni kwa boda zilezile. Ushauri wangu ni kwamba bumu likitoka, kabla ya pea ya tatu ya viatu, nunua helmeti yako. Nenda dukani ukiwa umesuka mtindo utakaosafiri nao, ujaribishe hukohuko, ukae nayo kichwani dakika kumi usikie kama inabana. Usinunue iliyotumika, maana kama iliwahi kuanguka na mtu, lile povu la ndani limeshabonyea na halirudi, hata kama nje inang'aa. Ndani yake vaa kitambaa chembamba cha pamba kisicho na fundo, kinapunguza jasho na kinalinda mistari isifumuke mapema. Wawili mliopangiwa shule moja mnaweza kuchangia, alimradi vichwa vyenu vinalingana na ratiba zenu zinapishana. Kitambaa kila mtu awe na chake.

Najua kuna atakayesema kutembea na helmeti mkononi chuoni ni ushamba. Sawa, uwe mshamba mwenye kichwa kizima. Tunakwenda kusimama mbele ya watoto ambao wengi wao nao wanapanda boda, watatu kwenye siti moja. Watatuangalia tunavyoshuka getini kabla hawajasikia somo letu la kwanza.

Kwa hiyo leo jioni, ukikaa chini usukwe, mwambie mapema anayekusuka: lala nazo bapa, mafundo yote chini. Mwenye mtindo mwingine unaokubali helmeti atuambie na sisi, tuko wengi tunaotafuta.

Nawakilisha.