Chifu Hamezi Kidonge



Juma lililopita, katika somo la biolojia, tulibishana sana. Ndugu mmoja wa kalasa ya sita alisema: "Batu ba mutaa banajua nini juu ya virusi? Munganga apime dawa yake, sisi tungoje matokeo tu." Wengi walicheka na kukubali. Mimi sikukubali, ila kengele ililia mbele sijajibu. Njo ninajibu hapa.

Tutazame Kameruni. Katika mji wa Douala, wanawake 400 waliingia katika majaribio ya kidonge cha tenofoviri, ili ijulikane kama kinaweza kumkinga mtu asipate sida. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kitupu, na hakuna aliyejua amepata kipi. Sayansi inataka hivyo, sikatai, lakini basi mtu aelezwe mpaka aelewe kabisa. Waliopinga kazi ile walisema kwamba maelezo mengine yalikuwa kwa Kiingereza, kwa watu wa Kifaransa! Wakauliza tena: atakayeambukizwa wakati wa majaribio, nani atamtunza? Mwezi wa pili 2005 serikali ikayasimamisha. Kamboja ilikuwa imekwisha kukataza majaribio kama hayo mwaka 2004, hata mbele hayajaanza.

Nani alipata hasara? Wote. Maana mwaka 2010 majaribio mengine yalionyesha kwamba tenofoviri pamoja na emtrisitabini inakinga kweli. Maswali ya Douala yalikuwa ya haki, ila yalikuja nyuma, kazi ikiwa imeanza, njo maana yakawa vita.

Na jambo hili si la mbali. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano ya lenakapaviri, inayopigwa mara mbili kwa mwaka, kutoka Afrika ya Kusini na hapa kwa jirani, Uganda. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wadogo wao walikuwa na miaka 16, sawa dada zetu wa kalasa ya nne.

Wengine wanafikiri kuwashirikisha watu wa mahali ni kwenda kwa chifu na kwa mchungaji, kunywa chai, kupata sahihi. Mimi mtoto wa kanisa ninasema haitoshi. Chifu hamezi kidonge. Msichana mwenyewe aketi pale wanapopanga, hata yule wa barabarani ambaye tunaona haya kumtaja, na aulize kwa Kiswahili chake.

Ndugu yule akitaka kunijibu, karatasi zipo kwa mwandishi wa gazeti letu. Asiniandikie ubaoni.