Alamu ya Nduthi: Unalipia Ulinzi ama Kelele?

Ukipita Keroka, pale Kisii inapopakana na Nyamira, utacheki Boxer za kitambo ziko na rimoti kama za gari. Fiti. Lakini wasee wengi wamenunua kelele tu.

Nduthi yenye ulinzi wa kiwandani huwa na chipu kwa ufunguo; kompyuta ya injini isipoitambua, haiwaki. Boxer mzee hana hiyo kompyuta. Fundi anaweza tu kuficha rilei inayokata waya. Sasa, waya gani? Akikata wa stata peke yake, mwizi anapiga kiki na kuishia. Inafaa akate moto wa plagi, waya unaoenda kwa CDI. So kabla utoe doo, mwambie aweke loki halafu apige kiki. Ikiwaka, arudie kazi.

Traka pia ni poa, bora isizime injini ukiwa mwendoni. Mteremko wa Manga na abiria wawili nyuma? Aii.

Na hii si mambo ya kujishow. Bima ya thadi pati hailipi wizi. Nduthi ya mkopo ikienda, unabaki ukilipia hewa. Halafu kuna yule kijana atashukiwa pale steji: kibiriti hufika kabla ya polisi, na hakuna mtu huuliza mara mbili kama ni yeye.