Maombi Yako Yanafanyiwa Kazi

Kuna sentensi moja naichukia kuliko zote, na mimi mwenyewe nimeiandika mara nyingi: "Maombi yako yanafanyiwa kazi." Kwa miaka mitatu nilikuwa mjumbe wa kamati ya uanachama katika chama chetu cha wasomaji na waandishi, chenye watu Mbeya na Iringa. Kazi yangu ilikuwa kupokea fomu na kuwajibu waombaji. Leo nasema ukweli: mara nyingi hakuna aliyekuwa akiyafanyia kazi. Fomu zilikuwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ilikuwa kabatini, funguo za kabati alikuwa nazo katibu, na katibu alikuwa amesafiri.

Chama sikitaji jina. Wenyewe tunajijua, na ugonjwa huu si wetu peke yetu.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Ujaze fomu ya kurasa nne, ulete picha mbili za pasipoti, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kiingilio, kazi yako moja uliyoandika, na saini za wadhamini wawili ambao ni wanachama hai. Halafu usubiri kamati ikae. Na kamati kukaa ni shughuli. Kati ya Iringa na Mbeya kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara, nauli hakuna, kwa hiyo tulikubaliana tukutane Makambako. Wa Iringa wakifika, wa Mbeya wawili wana msiba. Akidi haijatimia, tunakula chipsi, tunarudi.

Hapo kwenye wadhamini ndipo pananiuma. Katiba yetu inasema tupo kwa ajili ya kuibua waandishi wasiojulikana. Sasa jamani, mtu asiyejulikana atamtoa wapi mwanachama wa kumdhamini? Tuliweka kwenye mlango kufuli ambalo ufunguo wake wanao waliokwisha kuingia. Kijana ambaye mjomba wake ni mwanachama alipata saini mbili kabla hajaandika hata barua. Yule wa Chimala asiyemjua mtu alirudishiwa fomu kwamba "haijakamilika".

Nitoe kisa kimoja, maana bila hicho nisingeandika haya.

Dada mmoja anauza mitumba Mwanjelwa. Alikuwa ameandika hadithi kwenye kauntabuku, kwa mkono, jioni akishafunga biashara. Fomu yetu ilisema mwombaji awasilishe "nakala halisi" ya kazi yake. Alichukulia neno hilo lilivyo, akaleta kauntabuku lenyewe. Mimi ndiye niliyelipokea. Niliisoma hadithi ya kwanza nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Kisha nikaliweka kwenye bahasha, kama utaratibu unavyotaka, na mara mbili alipouliza nikamwandikia ile sentensi.

Mwezi wa 14 akatuma ujumbe: "Shikamoo kaka. Kama sijafaa sawa tu. Naomba daftari langu."

Tulifungua kabati. Halikuwepo. Mjumbe mmoja alikumbuka kumpa mwenzake akalisome, mwenzake akakumbuka kulirudisha. Hapakuwa na rejista. Mpaka leo halijapatikana.

Nilipopitia mafaili baadaye niligundua jambo lililonitia aibu zaidi: kwa miaka ile mitatu kamati yetu haikumkataa mtu hata mmoja. Hakuna barua ya kukataa hata moja. Tulikuwa tukijisifu kwa hilo, eti sisi hatubagui. Lakini mtu akikataliwa anajua pa kwenda: ataboresha, atabisha, atatafuta pengine. Asiyejibiwa anakaa kibarazani hadi anachoka, na akiondoka tunasema hakuwa na nia.

Najua hoja ya wapinzani wangu, na naiheshimu. Mzee mmoja wa Iringa huirudia kila kikao: mkilegeza mlango wataingia wanaotaka posho, wanaotaka cheti, na wanaotaka jukwaa la kugombea udiwani. Siyo uongo. Hata TANU ililia kilio hicho. Azimio la Arusha la 1967, sehemu ya nne, linakiri kwamba tangu mwanzo chama kilikazania wingi wa wanachama, na kwamba sasa wakati umefika wa kukazania imani. Anayeonekana haikubali imani ya chama asipokelewe.

Lakini tazama sehemu inayofuata, ya viongozi. Hapo Azimio haliulizi mtu anaamini nini tu. Linataka kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Hayo yanaonekana. Nyumba ya kupangisha ina mpangaji, mshahara una hundi. Imani, kila mtu anaweza kuikariri mlangoni na kesho akaisahau. Kwa hiyo namjibu mzee wangu: kosa letu siyo kwamba tunachuja. Tunachuja vitu visivyoonyesha kitu. Mwenye kutaka udiwani ndiye mwenye wadhamini wengi na barua yenye mhuri safi kuliko wote.

Na kuhusu muda, tusijifanye tuna mambo mazito kuliko kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji siku 90 kuamua ombi la hakimiliki ya kimila. Hiyo ni ardhi, kitu kisichoongezeka, ambacho watu wanauana kwa ajili yake. Najua sheria hiyo hukiukwa. Ila mwombaji ana siku ya kuhesabia, na siku ya 91 anaweza kusema mmekosea. Wa kwetu alihesabu kuanzia lini hadi lini? Na tulikuwa tunagawa nini? Viti vya plastiki.

Wenye VICOBA wa mitaani kwetu wanatushinda, na wao wanashika pesa. Mgeni anakuja, anakaa, wanamwangalia anavyotunza ahadi. Asipofaa anaambiwa siku ileile, usoni.

Mkutano mkuu ujao nitapeleka mapendekezo haya. Wadhamini waondolewe, pamoja nao picha na barua ya mtaa. Mwombaji alete kurasa tano, zisomwe na watu wawili, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Iringa, bila kujua jina la mwandishi. Jibu litoke ndani ya siku 30. Siku zikipita kimya, mwombaji ahesabiwe ameingia, ili uzembe wa kamati uigharimu kamati. Akikataliwa, aandikiwe sababu, na awe na haki ya kukata rufaa kwenye mkutano mkuu. Anayeingia awe wa majaribio miezi sita: ahudhurie, asome kazi za wenzake, azitolee maoni. Wa posho hatamaliza miezi miwili, nakuhakikishia. Kusoma hadithi za wenzio bila malipo kunachosha. Mwisho, kila karatasi inayoingia iandikwe kwenye rejista, na maandishi ya asili yarudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo.

Watasema ni kazi nyingi. Ni kweli. Kusoma kurasa tano za mtu usiyemjua ni kazi kuliko kuangalia kama fomu ina mhuri. Lakini hiyo ndiyo kazi tuliyosema tunaifanya.

Nilikwenda Mwanjelwa kumwomba radhi yule dada. Alinisikiliza huku anakunja mashati. Nikamuuliza kama anaandika bado. Akasema, "Kaka, chagua shati."

Kama unasoma hapa na uliwahi kuwa mjumbe wa kamati yetu, naomba uangalie kabatini kwako. Ni kauntabuku lililojalidiwa kwa karatasi ya kalenda. Hadithi ya kwanza inahusu mzani wa mchele. Lina mwenyewe.