Tetemeko Halijui Mpaka: Elimu Yake na Iwafikie Wanyonge

Ardhi ya magharibi ya nchi yetu haijapata kutulia. Kuanzia Ziwa Albert, kupitia milima ya Rwenzori na Ziwa Edward, hadi Kivu na Tanganyika, umepita mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako bara la Afrika linapasuka polepole, milimita chache kila mwaka. Katika miaka ya 2006 na 2007 wanasayansi wa Kijerumani, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, walitandaza vipima mitetemo kuizunguka Rwenzori, wakahesabu mitetemo ipatayo 800 kwa mwezi. Mingi ni midogo mno hata askari aliye lindoni usiku wa manane hawezi kuisikia. Lakini imo iuayo.

Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa liliipiga Toro na bonde la Semliki, likaua watu zaidi ya 100 na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwezi Februari 1994 zamu ilifika Kisomoro, karibu na Fort Portal. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, ardhi ilitikisika karibu na Bukavu, na wengi wa waliokufa walikuwa upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa kanisani. Na tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, tetemeko lenye kipimo cha 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera nchini Tanzania, likaua watu wasiopungua 17, na kishindo chake kikasikika Rakai na Masaka. Lingalikuja usiku, watu wakiwa wamelala chini ya kuta zile zile zilizoanguka, hesabu ingalikuwa nyingine.

Kutokana na matukio haya tunaona jambo moja. Ardhi yenyewe huua wachache; muuaji mkubwa ni ukuta. Nyumba ya fito na udongo, ambayo wengi huidharau, huyumba na pengine husimama. Nyumba ya matofali mazito, yasiyofungwa kwa lenta wala nondo, huanguka kwa mkupuo mmoja. Mwananchi mnyonge anayejinyima miaka mingi ili atoke katika nyumba ya udongo na kuingia katika ya matofali, bila ya fundi wa kumwongoza, huweza kujijengea kaburi akidhani anajijengea maendeleo. Huyo ndiye ambaye utafiti wa matetemeko ungepaswa kumtazama kwanza. Je, ndiye unayemtazama?

NANI HUULIZWA?

Tetemeko hupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mitambo, ambayo huonyesha nguvu iliyofunguka chini ya ardhi. Njia ya pili ni ya kuuliza watu: uliamshwa usingizini? Vyombo vilianguka? Ukuta ulipasuka? Majibu hayo huchorwa katika ramani, na ramani hiyo ndiyo inayoonyesha ni mahali gani palipoumia zaidi.

Hapa ndipo penye kasoro. Siku hizi maswali hayo huulizwa kwa wingi kwa njia ya intaneti. Hujibiwa na mwenye simu ya kisasa, mwenye umeme na mwenye kusoma lugha ya kigeni. Bibi kizee wa milimani Bundibugyo, ambaye nyumba yake imelala chini, hajibu kitu. Ni rahisi basi kwa mji uliotikisika kidogo kuonekana umetoa kilio kikubwa, na kijiji kilichobomoka kuonekana kimya. Katika lugha yetu ya kijeshi, hiyo ni taarifa ya upelelezi iliyokusanywa barabarani tu, pasipo doria kuingia msituni. Kamanda anayepanga vita kwa taarifa ya namna hiyo hupotea.

Wako wasemao kwamba sayansi ni kazi ya mabingwa, na kwamba mwanakijiji hana la kuchangia. Hoja hiyo haina nguvu. Tangu mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal wamewafundisha wanavijiji kuwa macho na masikio ya sayansi. Wanavijiji hao hufika mahali pa maafa, huandika yaliyotokea na kutuma habari kwa simu. Maporomoko, mafuriko na matetemeko ambayo magazeti ya mjini yasingeyajua yameingia katika kumbukumbu.

Hata msamiati wa sayansi umepata kukopa kwa wanyonge. Kando ya Goma, katika mabonde madogo, hewa nzito ya ukaa hutoka ardhini na kutuama. Huua mbuzi, na huua mtoto kabla ya mtu mzima, kwa kuwa mtoto yu karibu zaidi na ardhi. Wenyeji huiita mazuku, yaani upepo mbaya. Leo wanasayansi wa Ulaya huandika neno hilo hilo katika vitabu vyao. Wenyeji waliijua hatari hiyo kabla mitambo haijafika.

FUNZO LA GOMA

Mji huo wa Goma unatupa funzo jingine, nalo ni chungu. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kiliundwa mwaka 1986, na kazi yake ni kusikiliza mitetemo ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira. Mwaka 2020 fedha zilizokuwa zikitoka Benki ya Dunia zilikoma. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokelea habari za mitambo yake. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka pasipo onyo kwa raia. Watu zaidi ya 30 walikufa. Katika vurugu za usiku ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Kisha ikafuata mitetemo ya siku nyingi, nyumba zikapasuka Goma na hata Gisenyi, upande wa Rwanda. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru wakazi wa sehemu kumi za mji wahame. Watu mamia kwa maelfu waliondoka. Mwenye gari alipanda gari. Asiye nalo alishika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, sayansi inayotegemea fedha za mgeni hufa siku mgeni anapofunga mkoba wake. Pili, aliyetoa amri ya mwisho hakuwa mwanasayansi bali askari. Elimu ya mitetemo ikiwa imefungiwa katika majarida ya Kiingereza na Kifaransa, askari huyo ataamuru kwa kubahatisha, na raia watatii kwa kubahatisha.

WAJIBU WETU

Ibara ya 209 ya Katiba ya mwaka 1995 inavitaka vikosi vyetu vishirikiane na mamlaka ya kiraia wakati wa dharura na maafa. Mwezi Machi 2010, mlima ulipoporomoka Bududa, askari walichimba kwa majembe na sepetu kutafuta miili ya wananchi. Hiyo ni heshima kwetu. Lakini kuchimba ni kazi ya baadaye, na wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari.

Basi afisa wa kikosi au wa kituo cha polisi kilichoko katika ukanda wa ufa hana budi kujua, kwa msaada wa viongozi wa vijiji, ni nyumba zipi zina vipofu, wagonjwa, wazee na wajawazito, kwa maana hao hawatakimbia. Doria ifikayo baada ya tetemeko isihesabu maiti tu. Iandike saa, aina ya ukuta ulioanguka na ule uliosimama, na iwaulize wanawake, ambao aghalabu ndio waliokuwa nyumbani. Taarifa hiyo ifike wilayani na katika idara ya uchunguzi wa madini na ardhi huko Entebbe.

Vipima mitetemo navyo vilindwe, na wananchi waelezwe kazi yake. Sanduku lililofukiwa shambani kwa siri huweza kudhaniwa kuwa la kutafutia dhahabu au mafuta, likang'olewa. Na onyo lolote lisomwe kwa Rukonzo, Rutooro, Lubwisi na Kiswahili, likisema kweli tupu: kwamba hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko, na kwamba anayedai hivyo anaeneza hofu.

Wataalamu nao tunawaomba wakumbuke kwamba matokeo ya utafiti ni haki ya yule ambaye ardhi yake ilipimwa. Mtafiti akirudi kwao na takwimu, huku fundi wa Kisomoro hajaelezwa jinsi ya kufunga lenta, ardhi itakuwa imepimwa na mwenyeji ameachwa chini ya ukuta ule ule.