Difu na Mlima: Hesabu Itangulie Spana

Barabara itokayo Moshi hugawanyika ifikapo Himo. Tawi moja huendelea tambarare hadi Holili, kisha Taveta ng'ambo ya mpaka. Jingine hupanda Marangu na kuuzunguka mlima hadi Mkuu na Tarakea. Gari la kazi la Holili huweza kupita njia zote mbili kwa siku moja. Kwa hiyo suala la kubadili difu si la mafundi peke yao. Ni suala la fizikia, na hapana budi lijibiwe kwa hesabu kabla ya spana kushikwa.

Difu huruhusu magurudumu ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo tofauti katika kona. Aidha, hupunguza mizunguko ya shafti itokayo kwenye gia boksi, na papo hapo huongeza nguvu ya kuzungusha. Katika Land Rover Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985, uwiano wa difu ni 4.7, yaani shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu ya Range Rover za kwanza, zilizotoka 1970, ina uwiano wa 3.54, nayo huweza kuingia katika ekseli nyingi za Series. Hapo ndipo kishawishi kilipo.

Tukigawanya 4.7 kwa 3.54 tunapata 1.33 hivi. Kwa mzunguko ule ule wa injini, gari litaongeza kasi kwa theluthi moja. Katika tambarare ya Holili hiyo ni faida: injini hutulia na kelele hupungua. Lakini maumbile hayatoi cha bure. Katika gia ile ile, nguvu ya kuzungusha magurudumu hupungua kwa robo. Gari lililozoea kupanda Marangu na mzigo kwa gia ya tatu litadai ya pili. Wakati wa kuteremka, injini nayo hulizuia gari kwa nguvu pungufu, na kazi hiyo huangukia breki.

Hatari nyingine imejificha. Spidomita ya Series III huendeshwa kutoka upande wa gia boksi, kabla ya difu. Isiporekebishwa, itaonyesha kilomita 60 kwa saa ilhali gari linakwenda karibu 80. Kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi, breki zitalazimika kumeza nishati karibu mara 1.8 ya ile dereva anayoidhania.

Kosa kubwa kuliko yote ni kubadili difu ya nyuma peke yake. Magurudumu manne yakitiwa kazini, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Zikiwa na difu za uwiano tofauti, ekseli hizo hushindana. Katika tope magurudumu huteleza na kuuficha ugomvi huo. Katika lami hayana pa kukimbilia, na shafti au meno ya gia huvunjika.

Wapo wasemao kuwa fundi mzoefu hahitaji hesabu. Uzoefu ni mwalimu mwema, lakini mara nyingi hufundisha baada ya kitu kuvunjika. Gari lipandalo mlimani na mzigo liachiwe 4.7 yake. La tambarare tupu libadilishwe difu zote mbili, pamoja na spidomita.

Somo hili lafaa lifikishwe madarasani. Fundi na ainue gurudumu moja la nyuma kwa jeki, aweke stendi, na kuyazuia mengine kwa vigingi imara. Gia ziwe huru na breki ya mkono iachiwe, maana katika gari hili hukamata shafti. Gurudumu lizungushwe mara mbili, na wanafunzi wahesabu mizunguko ya shafti: jibu ndilo uwiano wa difu. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu la pili limesimama, nayo difu hufuata wastani wa yote mawili. Mwanafunzi aliyehesabu hivyo hatadanganywa kwa urahisi na muuza vipuri.