Viambaza Visivyotunza Amana

Mwananchi anapokwenda katika afisi ya umma kueleza shida yake ya ndoa, ya mirathi au ya maradhi, huwa anaweka amana. Hufunga mlango, hushusha sauti, akamwamini mtumishi aliye mbele yake. Katika majengo yetu mengi ya siku hizi amana hiyo huvuja kabla hajamaliza kusema, kwani baina ya chumba hicho na benchi la wanaosubiri pana kiambaza cha jipsamu tu. Sisi wenyewe tuliwahi kukaa kwenye benchi la namna hiyo, na bila ya kutaka tukasikia habari za nyumba ya mtu tusiyemjua. Alipotoka, sote tuliinamisha vichwa.

Hatuilaumu jipsamu. Ni nyepesi, hujengwa kwa siku chache, tena haishiki moto upesi. Na katika visiwa hivi ambavyo mchanga wa kujengea ni adimu, ina faida zake. Tunachokilaumu ni namna inavyojengwa.

Wazee wetu wa Mji Mkongwe walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa kiasi cha nusu mita. Uzito ule ndio uliozuia sauti. Ubao wa kawaida wa jipsamu una unene wa milimita 12.5, na mita yake moja ya mraba ina uzito wa kiasi cha kilo 8 hadi 10. Mbao mbili za namna hiyo zikipigiliwa katika fremu ya bati, katikati pakaachwa patupu, basi hiyo ni ngoma iliyowambwa pande mbili.

Kosa kubwa zaidi liko juu, jicho lisipofika. Mara nyingi kiambaza huishia kwenye dari ya kuning'inia badala ya kupanda mpaka kwenye zege. Sauti hupanda, ikapita juu ya dari, ikashukia chumba cha pili. Tena kuna soketi za umeme zilizotazamana, na uwazi chini ya mlango. Palipo na njia ya hewa, sauti nayo hupita.

Wakubwa wakilalamikiwa, huagiza mapazia, sponji, hata trei za mayai. Hiyo ni dawa ya maradhi mengine. Mwangwi ni sauti inayorukaruka ndani ya chumba. Kuvuja ni sauti inayotoka. Vitu laini hutuliza mwangwi, wala havizuii kuvuja. Mwaka 1895 mtaalamu Wallace Sabine alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambamo neno lilidumu sekunde 5 na nusu. Aliupima kwa matakia ya viti vya tamthilia, usiku kucha, akathibitisha kwamba kila takia linapunguza mwangwi. Dawa hiyo inazifaa skuli zetu, ambamo sakafu ya vigae na kuta ngumu humfanya mtoto wa nyuma asipate maneno ya mwalimu. Makumbi ya nazi, ambayo tunayo tele, hunyonya sauti vizuri, mradi yatiwe dawa ya kuzuia moto. Sponji tunaikataa: mwaka 2013, katika mji wa Santa Maria nchini Brazil, sponji ya darini ilishika moto katika ukumbi wa starehe, wakafa watu 242.

Dawa ya kuvuja inajulikana. Mbao mbili kila upande, maungio yapishane; pamba ya mawe katikati; kiambaza kifike zege; nyufa zizibwe kwa gundi inayonyumbuka; mlango uwe mzito wenye mpira pembezoni. Kiambaza chepesi kilichojengwa barabara hupunguza sauti kwa desibeli 35 hivi. Kikifanywa hivyo, hufika 50 na kupita. Gharama huzidi, lakini kubomoa baadaye ni ghali zaidi.

Tunaziomba Wizara zinazohusika ziyaandike haya katika mikataba. Na kabla ya jengo kupokewa, mtumishi mmoja ajifungie chumbani asome gazeti kwa sauti ya kawaida, hata likiwa hili letu, na mwengine akae kwenye benchi. Akiweza kueleza alichosikia, mkandarasi asilipwe fungu la mwisho.